Ben Hogan

William Ben Hogan (13 Agosti 1912 – 25 Julai 1997) alikuwa mchezaji wa gofu ya kulipwa na mtengenezaji wa fimbo za gofu kutoka jimbo la Texas nchini Marekani. Alishinda mashindano makubwa 9, na kwa jumla mashindano 64 ya mzunguko wa wachezaji wa kulipwa wa Marekani (PGA). Ni mmoja wa wanaume sita tu waliowahi kutwaa mashindano yote manne makubwa ya gofu ya kisasa. Wengine ni Gene Sarazen, Gary Player, Jack Nicklaus, Tiger Woods na Rory McIlroy.

Hogan anakumbukwa kwa mambo matatu: mazoezi ya miaka mingi kabla ya kupata ushindi, kurudi kwake uwanjani baada ya ajali ya gari ya mwaka 1949, na kiwanda alichokianzisha mwaka 1953 mjini Fort Worth ili kutengeneza fimbo za chuma kwa ajili ya wachezaji stadi. Miaka 20 baada ya kifo chake, fimbo zenye jina lake zilianza kuuzwa moja kwa moja kutoka kiwandani kwenda kwa mchezaji kwa bei nafuu. Biashara hiyo ilifungwa mwaka 2022.

Utoto

Hogan alizaliwa katika mji wa Stephenville, Texas, akakulia katika mji mdogo wa jirani uitwao Dublin. Alikuwa mtoto wa mwisho kati ya watoto watatu wa Chester na Clara Hogan. Baba yake alikuwa mhunzi. Kazi ya uhunzi ilikuwa ikididimia wakati huo, kwa sababu magari yalikuwa yanachukua nafasi ya farasi, na familia ilihamia Fort Worth.

Mnamo Februari 1922 Chester Hogan alijiua kwa bastola nyumbani kwake. Ben alikuwa na umri wa miaka 9. Mama alibaki na watoto bila kipato cha uhakika. Kaka yake, Royal, aliacha shule ili afanye kazi, na Ben akawa anauza magazeti katika kituo cha treni baada ya masomo. Katika maisha yake yote Hogan hakupenda kuzungumzia kifo cha baba yake, na watu waliofanya naye kazi walimjua kama mtu mkimya asiyezoeleka kwa urahisi.

Alipofika miaka 11 alisikia kwamba vijana wanaobeba mifuko ya wachezaji wa gofu (makedi) hulipwa vizuri kuliko wauza magazeti. Alianza kazi hiyo katika klabu ya Glen Garden, zaidi ya kilomita 10 kutoka nyumbani kwao. Hapo alikutana na kedi mwingine wa umri wake, Byron Nelson, ambaye naye alikuja kuwa bingwa. Mwaka 1927, katika mashindano ya Krismasi ya makedi, vijana hao wawili walilingana na Nelson akashinda kwa mkwaju mmoja. Baadaye klabu ilimpa Nelson uanachama wa vijana. Hogan, alipotimiza miaka 16, hakuruhusiwa tena kubeba mifuko hapo, kwa hiyo alikwenda kucheza katika viwanja vya umma ambako mtu hulipa kiingilio cha siku.

Katika kitabu chake cha mwaka 1957 Hogan alieleza kwamba alizaliwa akitumia mkono wa kushoto. Fimbo yake ya kwanza ilikuwa chuma kikuukuu cha mtu wa mkono wa kushoto. Alihamia mkono wa kulia kwa sababu vijana wa mjini kwao walinunua fimbo katika duka la bidhaa za bei ya chini, na duka hilo halikuwa na vifaa vya mkono wa kushoto. Hivyo namna yake ya kucheza iliamuliwa tangu mwanzo na fimbo zilizopatikana kwa fedha kidogo.

Miaka ya kushindwa

Hogan aliacha shule ya sekondari kabla ya kuhitimu. Mwanzoni mwa mwaka 1930, akiwa na miaka 17, alijiunga na gofu ya kulipwa katika mashindano ya wazi ya Texas mjini San Antonio. Ulikuwa wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi. Zawadi zilikuwa ndogo, na mchezaji aliyemaliza nje ya nafasi za juu hakupata hata nauli ya kurudi kwao. Zaidi ya mara moja Hogan aliishiwa fedha kabisa, akaacha mzunguko na kurudi Fort Worth kufanya vibarua.

Mwaka 1935 alimwoa Valerie Fox, ambaye walifahamiana tangu utotoni. Hawakujaliwa watoto. Valerie alisafiri naye karibu kila mahali. Mfanyabiashara wa Fort Worth, Marvin Leonard, aliwasaidia kwa fedha katika miaka migumu. Mwaka 1938 mjini Oakland, California, fedha zikiwa karibu kwisha, Hogan aliamka asubuhi ya siku ya mashindano akakuta wezi wameiba matairi ya gari lake. Alifika uwanjani kwa lifti, akacheza, na zawadi aliyopata ilimwezesha kuendelea na safari.

Tatizo lake kubwa uwanjani lilikuwa mpira kupinda kwa nguvu kuelekea kushoto. Ili kuliondoa alifanya mazoezi kwa saa nyingi kila siku, jambo ambalo wachezaji wa zama hizo hawakulizoea. Wengi waliamini kwamba mchezo wenyewe unatosha kuwa mazoezi. Alichunguza kila sehemu ya mwendo wa mwili: jinsi ya kushika fimbo, mahali pa kuweka miguu, namna ya kuzungusha nyonga na mabega. Alizichunguza pia fimbo zenyewe. Alitaka mpini mgumu usiopinda sana, na uso wa fimbo uliowekwa kwa namna ya kuuzuia mpira usikimbilie kushoto.

Ushindi wake wa kwanza akiwa peke yake ulikuja Machi 1940 huko Pinehurst, North Carolina, miaka kumi baada ya kuanza gofu ya kulipwa. Katika majuma hayohayo alishinda mashindano mengine mawili mfululizo. Aliongoza orodha ya wapata zawadi katika miaka ya 1940, 1941 na 1942. Kuanzia 1943 hadi 1945 alitumikia jeshi la anga la Marekani. Aliporudi alishinda mashindano 13 katika mwaka 1946 peke yake, yakiwemo mashindano ya PGA. Mwaka 1948 alishinda tena PGA pamoja na U.S. Open.

Ajali ya mwaka 1949

Asubuhi ya tarehe 2 Februari 1949 Hogan na mkewe walikuwa wakirudi nyumbani kwa gari. Karibu na mji wa Van Horn, Texas, kukiwa na ukungu, basi lililokuwa likijaribu kulipita lori liliingia upande wao wa barabara na kugongana nao uso kwa uso. Hogan alijirusha kumkinga mkewe. Kitendo hicho kilimwokoa yeye pia, kwa sababu nguzo ya usukani ilitoboa kiti alichokuwa amekalia.

Valerie alipata majeraha madogo. Hogan alivunjika nyonga sehemu mbili, mtulinga na kifundo cha mguu wa kushoto, na ubavu mmoja ulipata ufa. Alipokuwa hospitalini mjini El Paso, damu iliganda katika mishipa ya miguu na donge likapanda hadi kwenye pafu. Daktari bingwa wa upasuaji, Alton Ochsner, aliletwa kwa ndege ya jeshi kutoka New Orleans, akaufunga mshipa mkubwa unaorudisha damu kutoka miguuni kwenda moyoni. Upasuaji huo uliokoa maisha yake, lakini tangu hapo miguu yake ilivimba na kuuma kila aliposimama au kutembea kwa muda mrefu.

Alitoka hospitalini mwanzoni mwa Aprili 1949. Wengi waliamini kwamba hatacheza tena. Januari 1950 alicheza mashindano ya Los Angeles, akalingana na Sam Snead katika nafasi ya kwanza na kushindwa katika marudiano.

Mnamo Juni 1950 alishiriki U.S. Open katika klabu ya Merion, jimbo la Pennsylvania. Wakati huo siku ya mwisho ilikuwa na mashimo 36, yaani duru mbili kwa siku moja, na Hogan alicheza huku miguu ikiwa imefungwa bendeji. Katika shimo la 18 la duru ya mwisho alihitaji kumaliza kwa mikwaju minne tu ili aingie kwenye marudiano. Kwa mkwaju wa pili alichukua fimbo ya chuma namba 1. Fimbo hiyo ina uso uliosimama karibu wima, na ndiyo ngumu kuliko zote kuipiga vizuri. Aliufikisha mpira kwenye majani mafupi ya shimo. Picha iliyopigwa na Hy Peskin kutoka nyuma yake wakati huo ni miongoni mwa picha zinazojulikana zaidi katika historia ya gofu. Kesho yake alishinda marudiano kwa mikwaju 69, Lloyd Mangrum akipata 73 na George Fazio 75. Zilikuwa zimepita takriban siku 500 tangu ajali.

Fimbo hiyo iliibwa baada ya duru ile. Ilipatikana zaidi ya miaka 30 baadaye, Hogan akaitambua, na ikawekwa katika makumbusho ya Chama cha Gofu cha Marekani.

Mwaka 1953

Kwa sababu ya miguu yake, Hogan alicheza mashindano machache tu kila mwaka. Mwaka 1951 alishinda Masters na U.S. Open. Mwaka 1953 alishinda mashindano makubwa matatu kwa mwaka mmoja: Masters, U.S. Open katika uwanja wa Oakmont, na mashindano ya wazi ya Uingereza (The Open) huko Carnoustie, Uskoti. Ratiba ya PGA ya mwaka huo iligongana na safari ya Carnoustie, kwa hiyo hakuweza kucheza yote manne. Hakuna aliyefikia mafanikio hayo ya matatu kwa mwaka hadi Tiger Woods mwaka 2000.

Carnoustie ndiyo The Open pekee aliyowahi kucheza. Alifika mapema ili azoee ardhi ngumu, upepo wa bahari na mpira wa Kiingereza uliokuwa mdogo kuliko wa Marekani. Alipata mikwaju 73, 71, 70 na 68, kila duru ikiwa bora kuliko iliyotangulia, akashinda kwa tofauti ya mikwaju minne. Aliporudi nyumbani alipokelewa kwa gwaride katika mitaa ya New York.

Kiwanda cha Fort Worth

Kwa miaka mingi Hogan alikuwa na mkataba na kampuni ya MacGregor na kutumia fimbo zake. Mwaka 1953 aliachana nayo akaanzisha kampuni ya Ben Hogan mjini Fort Worth. Kusudi lake lilikuwa kutengeneza fimbo ambazo yeye mwenyewe angekubali kuzitumia katika mashindano.

Fimbo alizozitaka zilikuwa za chuma laini kilichofuliwa, yaani kilichopashwa moto na kugongwa kwenye umbo, si kilichoyeyushwa na kumiminwa. Kichwa chake kilikuwa kidogo na chembamba. Fimbo ya namna hiyo haimsaidii anayekosea: mpira usipopigwa katikati ya uso, masafa hupungua na mikono husikia mtikisiko. Lakini anayepiga vizuri huweza kuuongoza mpira juu au chini, kushoto au kulia, na husikia mikononi kila kosa lake. Ndiyo maana fimbo hizi huitwa za wachezaji stadi. Kuanzia miaka ya 1960 mtengenezaji mwingine, Karsten Solheim wa kampuni ya Ping, alifuata njia tofauti: alipunguza chuma nyuma ya kichwa na kuhamishia uzito pembeni, ili hata mkwaju usio sahihi usipotee sana. Njia hiyo ndiyo iliyokuja kutumiwa kwa fimbo za wachezaji wengi wa kawaida.

Kundi la kwanza la fimbo lilipotoka kiwandani, Hogan alilikagua na kulikataa. Vipimo havikuwa sawa. Aliamuru fimbo zenye thamani ya takriban dola 100,000 za wakati huo zitupwe. Mbia wake alitaka ziuzwe ili mtaji urudi. Hogan hakukubali, badala yake alitafuta mkopo na marafiki wenye fedha, akanunua sehemu ya mbia huyo. Fimbo za kwanza alizoziridhia ziliingia sokoni mwaka 1954. Hazikuuzwa katika maduka ya kawaida bali kupitia kwa walimu wa gofu waliokuwa na maduka ndani ya klabu.

Jack Fleck na U.S. Open ya 1955

Mmoja wa watu wa mwanzo kutumia fimbo hizo alikuwa Jack Fleck, mwalimu wa gofu katika viwanja vya manispaa ya Davenport, jimbo la Iowa. Hakuwa na jina wala fedha. Aliiandikia kampuni kuomba seti, na Hogan akakubali atengenezewe. Fimbo mbili za mwisho za seti hiyo, zile za mikwaju mifupi, Hogan alimletea kwa mkono wake mwenyewe huko San Francisco, kwenye U.S. Open ya mwaka 1955 katika klabu ya Olympic.

Hogan alimaliza duru ya mwisho akiongoza, na televisheni ya taifa ikatangaza kwamba ameshinda U.S. Open yake ya tano, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya. Fleck alikuwa bado uwanjani. Aliokoa mikwaju miwili katika mashimo manne ya mwisho, wakalingana kwa 287. Katika marudiano ya kesho yake Fleck alipata 69 na Hogan 72.

Hogan alinyimwa ubingwa huo na mtu aliyeshika fimbo za kiwanda chake. Kwa upande wa mashindano hiyo ilikuwa hasara aliyoibeba hadi mwisho, kwani hakushinda tena mashindano makubwa. Kwa upande wa kiwanda ulikuwa ushahidi kwamba mwalimu wa uwanja wa umma, akiwa na kifaa kilichotengenezwa kwa uangalifu uleule, anaweza kumshinda bingwa.

Miaka ya baadaye

Mwaka 1957 Hogan alitoa kitabu cha mafunzo, Five Lessons: The Modern Fundamentals of Golf, alichokiandika pamoja na Herbert Warren Wind, chenye michoro ya Anthony Ravielli. Kitabu hicho bado kinachapishwa na kutumiwa na walimu wa gofu duniani kote. Filamu kuhusu maisha yake, Follow the Sun, ilitolewa mwaka 1951, Glenn Ford akiigiza kama Hogan.

Ushindi wake wa mwisho katika mzunguko wa PGA ulikuwa wa mwaka 1959 katika klabu ya Colonial, Fort Worth, mashindano aliyoyashinda mara tano. Mwaka 1960 alikaribia kushinda U.S. Open huko Cherry Hills, lakini mpira wake uliingia majini katika shimo la 17 na Arnold Palmer akashinda. Mwaka 1967, akiwa na miaka 54, alipata mikwaju 66 katika duru ya tatu ya Masters. Alicheza mashindano kwa mara ya mwisho mwaka 1971.

Mwaka 1960 aliiuza kampuni kwa shirika la AMF, lakini aliendelea kuiongoza na kwenda ofisini. Mchana alikula katika klabu ya Shady Oaks, kisha alipiga mipira peke yake. Fimbo za aina ya Apex zilizotengenezwa chini ya uongozi wake zilitumiwa na wachezaji wengi wa kulipwa. Kuanzia 1990 hadi 1992 kampuni ilidhamini mzunguko wa wachezaji wachanga wanaotafuta nafasi ya kuingia PGA, ulioitwa Ben Hogan Tour. Mzunguko huo upo hadi leo kwa jina lingine.

Hogan alifariki dunia Fort Worth tarehe 25 Julai 1997 akiwa na miaka 84. Valerie alifariki mwaka 1999.

Jina lake baada ya kuuzwa kwa kampuni

Tangu mwaka 1985 kampuni ilipita katika mikono ya wamiliki wengi. Mwaka 1993 kiwanda kilihamishwa kutoka Fort Worth kwenda Richmond, Virginia. Baadaye jina lilimilikiwa na Spalding, kisha na Callaway kuanzia 2003, ambayo iliacha kutengeneza fimbo za Hogan mwaka 2008. Mwaka 2012 jina lilinunuliwa na kampuni ya mavazi ya Perry Ellis.

Mwaka 2015 kampuni mpya yenye kibali cha kutumia jina hilo ilianza kutoa fimbo za kufuliwa mjini Fort Worth. Fimbo zake za kwanza, Ft. Worth 15, hazikuwa na namba za kawaida bali ziliandikwa nyuzi za mwinamo wa uso, kuanzia 20 hadi 47, ili mchezaji apange seti kulingana na masafa anayoyahitaji. Gharama zilizidi mapato, na Januari 2017 kampuni iliomba ulinzi wa mahakama ya mufilisi.

Baadaye mwaka huohuo ilirudi kwa utaratibu mpya. Iliacha maduka na kuuza fimbo kwa mchezaji mwenyewe kupitia intaneti, bila faida ya muuzaji wa kati wala mikataba mikubwa ya kuwalipa mabingwa wazitangaze. Seti ya fimbo zilizofuliwa, kama vile Icon na PTx Pro, iliuzwa chini ya dola 1,000, wakati seti za aina hiyo za kampuni kubwa zilizidi kiasi hicho.

Utaratibu huo uliwafaa zaidi wachezaji stadi, kwa sababu mnunuzi wa mbali hapati mtu wa kumpima dukani. Ni lazima ajue mwenyewe urefu wa fimbo unaomfaa, ugumu wa mpini na pembe ya kichwa. Anayeanza kujifunza hajui mambo hayo na anaweza kununua kifaa kisichomfaa. Kampuni iliwaruhusu wanunuzi kuazima fimbo za majaribio, lakini kuzisafirisha nako kulikuwa na gharama zake. Mwaka 2022 kampuni ilifunga shughuli zake. Kampuni nyingine ziliendelea kuuza fimbo kwa njia hiyohiyo.

Urithi

Hogan alibadilisha fikra za wachezaji kuhusu mazoezi. Kabla yake wengi walikiona kipaji kuwa jambo la kuzaliwa nalo. Baada yake ikawa kawaida kwa mchezaji wa kulipwa kufanya mazoezi kila siku. Aliingizwa katika Jumba la Heshima la Gofu Duniani mwaka 1974, katika kundi la kwanza kabisa.

Njia aliyoipitia, kutoka kubeba mifuko hadi kucheza kwa kulipwa, inafahamika vizuri pia katika Afrika Mashariki, ambako wachezaji wengi wa kulipwa wa Kenya, Uganda na Tanzania walianza kama makedi. Mkoani Arusha mchezo huu huchezwa katika klabu ya Arusha Gymkhana na katika uwanja wa mashimo 18 wa Kili Golf ulio karibu na Usa River, chini ya Mlima Meru. Kwa mchezaji wa huko swali la bei ya fimbo ni kubwa zaidi kuliko huko Texas, kwa kuwa nauli na ushuru wa forodha huongezwa juu ya bei ya kiwandani, na vijana wengi hujifunzia fimbo zilizokwisha kutumika. Ndivyo alivyoanza Hogan pia, kwa chuma kikuukuu kisicho cha mkono alioutumia baadaye.

Mashindano makubwa aliyoshinda

- PGA Championship: 1946, 1948
- U.S. Open: 1948, 1950, 1951, 1953
- Masters: 1951, 1953
- The Open: 1953